Kisu cha Kukunja si Mlinzi

Tangu magenge ya vijana wenye mapanga yalipoanza kuitia hofu Kisauni na mitaa jirani, imezuka desturi kwa vijana wetu, hata walio wema, kutembea na kisu cha kukunja mfukoni. Wakiulizwa, wasema ni cha kujilinda, na mwerevu wao huongeza kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo, ndugu msomaji, ni ya sinia ya karamu. Haikutungwa kwa ajili ya kichochoro.

Mimi sina ugomvi na kisu. Chuoni tulichongea kalamu za mwanzi kwa kijembe, na mvuvi asiye na kisu chomboni ni mvuvi wa mdomo tu. Lakini chombo cha kazi si silaha, na hiki cha kukunja ni silaha mbovu mno. Aghlabu hutaka mikono miwili kukifunua, na mnyang'anyi hakupi nafasi hiyo, amekwisha kukukaba. Ikiwa ubapa wake hauna cha kuuzuia, ukichoma kwa nguvu hujikunja ukakukata vidole mwenyewe. Kisha ni kidogo mno kumtisha mwenye panga, ila si kidogo cha kushindwa kuua. Mshipa mkubwa wa shingo au wa paja hauko mbali na ngozi. Ncha ya inchi mbili yaufikia, na mtu humalizika damu kabla hajafikishwa hospitali.

Hapo ndipo penye msiba. Aliyetoka nyumbani akilinda simu yake hujikuta kizimbani. Sheria yetu humkubalia mtu kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyomkabili. Na Sura ya 56 ya sheria za Kenya yakataza kuwa na silaha mahali pa hadhara pasipo idhini. Ukimwambia askari kuwa kisu ni cha kujilinda, umekwisha kumwambia kuwa ni silaha. Kuua bila kukusudia kwaweza kumpatia mtu kifungo cha maisha. Maisha, kwa ajili ya simu!

Watanijibu kuwa wazee walivaa majambia. Naam, walivaa, na Oman hata leo jambia limo katika nembo ya taifa. Lakini jambia hukaa kiunoni, kwa mbele, kila mtu akiliona. Mwenyewe ajulikana kwa jina na ukoo, na haya humzuia kulichomoa. Cha mfukoni hakina haya. Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wapitao msikitini au sokoni na mishale washike vyembe kwa mkono, asije Muislamu akadhurika. Sasa twaswali Ijumaa bega kwa bega na makali yaliyofichwa ndani ya kanzu!

Taa za vichochoroni ziwashwe, na watu warudi barazani baada ya Isha kama zamani, maana mnyang'anyi huogopa macho ya watu. Mkikabwa, toeni simu. Nanyi wauzaji wa Kongowea na Marikiti, akija mtoto wa skuli kutaka kisu, muulizeni ana kalamu gani ya kuchonga.