Chumba cha Shirika si Aibu

Wako wasemao kwamba mwanamke wa Kiislamu mwenye biashara yake, akitoka nyumbani kwenda kufanya kazi katika chumba cha shirika, huyo ameiga ya watu. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu nimeutoa mbali na pwani yetu, huko bara kwenye majani chai.

Chepilat ni soko la njiani kati ya Sotik na Kisii, mpakani hasa mwa Bomet na Nyamira. Huku Wakipsigis, kule Wakisii. Ni hapo watu walipochomeana mali katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Waislamu ni wachache, na buibui huonekana toka mbali. Basi hapo nilimkuta mama wa Kiislamu, fundi cherehani, amekodi chumba pamoja na mafundi wenziwe wawili, Mkipsigis na Mkisii. Kodi wanagawana, pasi ya makaa ni moja.

Nilidhani atanitajia wepesi wa kodi. Kumbe la! Alinieleza kuwa nyumbani hawezi kumpokea mwanamume aletaye suruali ipunguzwe, bali hapa wako watatu na mlango u wazi, nani atamsema? Na bei ya kitambaa huisikia papo hapo.

Enyi mnaoogopa faragha ya mwanamke na mwanamume asiye maharimu wake, je, si chumba hicho ndicho kiiondoacho? Bi Khadija, Mungu amwie radhi, mali yake ilifika Sham mikononi mwa watu, na hakuna aliyemwona amepotoka.

Huku kwetu tazameni mama zetu washonao kofia. Kofia moja ya vito hula majuma kwa majuma, kisha dalali huja mlangoni na bei yake mfukoni. Jirani wa ukuta wa pili kalipwa ngapi? Hajui. Wangekaa ukumbi mmoja, dalali angekuwa na kazi!

Mombasa, karibu na Fort Jesus, iko Swahilipot tangu 2016, ambako vijana, wake kwa waume, hukutana kwa kazi za kompyuta na sanaa. Wanaotaka kufungua mahali pengine pa namna hiyo wakumbuke maji ya udhu, msala na pazia. Mwanamke akimbiaye nyumbani kila adhuhuri na kila alasiri, mashine yake ataikalia saa ngapi?