Wingu la Majivu na Tiketi za Vipande

Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2025, mlima Hayli Gubbi ulilipuka katika jimbo la Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia. Wanajiolojia hawana kumbukumbu ya mlima huo kulipuka katika miaka 12,000 hivi iliyopita. Majivu yalipanda angani kiasi cha kilomita 14, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman, na usiku wa siku ya pili yakawa yamefika Delhi. Mashirika ya ndege ya India yalifuta safari kadhaa, zikiwemo za Jeddah, Kuwait na Abu Dhabi. KLM nayo ikafuta safari kati ya Amsterdam na Delhi.

Safari hii upepo uliyapeleka majivu mashariki. Wanajumuiya wengi wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Uingereza waliiona habari hiyo kwenye simu zao, wakaipita. Lakini anga ya Pembe ya Afrika na Ghuba ndiyo njia ya kwenda nyumbani kwa wengi wao: anayebadilisha ndege Doha au Dubai, na ndugu wa Muscat anayekwenda Unguja kwa harusi. Jarida hili linaona kwamba tukio la Hayli Gubbi linastahili kujadiliwa sasa, wakati hakuna aliyekwama popote.

Wapo wanaodhani mashirika ya ndege huzidisha hofu, kwamba majivu ni vumbi tu. Sivyo. Majivu ya volkeno ni chembe za mwamba na kioo. Chembe hizo huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, na ndani ya injini ya ndege joto hupita hapo. Zikishayeyuka hunata kwenye mapanga ya injini na kuziba njia ya hewa. Rada ya hali ya hewa iliyo kwenye ndege haiyaoni majivu, na usiku rubani hawezi kuyatofautisha na wingu la kawaida.

Juni 24, 1982, Boeing 747 ya British Airways iliyotoka Kuala Lumpur kwenda Perth iliingia katika majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java. Injini zote nne zilizimika. Ndege ikashuka maelfu ya futi ikiwa bila injini, na watu zaidi ya 250 ndani yake, kabla ya Kapteni Eric Moody na wenzake kufaulu kuziwasha tena na kutua Jakarta huku kioo cha mbele kikiwa kimechubuka hata hakipitishi taa za uwanja. Desemba 1989 ikawa zamu ya KLM, juu ya Alaska, katika majivu ya mlima Redoubt. Injini nne zilizimika, zikawaka tena, na ndege ikatua salama Anchorage. Ilikuwa ndege mpya, na matengenezo yake yalitajwa kugharimu dola milioni 80 hivi.

Tangu miaka ya tisini dunia imegawanywa katika maeneo tisa, kila moja na kituo chake cha kutoa tahadhari za majivu. Bara la Afrika, kwa sehemu kubwa, liko chini ya kituo cha Toulouse, Ufaransa. Iceland na Visiwa vya Uingereza viko chini ya kituo cha London.

Kipimo kikubwa cha mfumo huo kilikuja Aprili 2010, mlima Eyjafjallajökull ulipolipuka chini ya barafu huko Iceland. Kuanzia tarehe 15 hadi 21 sehemu kubwa ya anga ya Ulaya ilifungwa. Safari zipatazo 100,000 zilifutwa, na abiria wapatao milioni 10 wakaathirika. Wakuu wa nchi, Barack Obama miongoni mwao, walishindwa kufika Kraków kumzika Rais Lech Kaczyński wa Poland. Mchekeshaji John Cleese alipanda teksi kutoka Oslo mpaka Brussels. Abiria wa kawaida walilala sakafuni viwanjani.

Hasara ilifika hadi Naivasha. Mashamba ya maua ya Kenya huvuna leo kwa ajili ya soko la Ulaya la kesho kutwa, na waridi halisubiri anga ifunguliwe. Tani kwa tani za maua zilitupwa, maelfu ya vibarua wakaambiwa wakae nyumbani, na nchi ikapoteza mamilioni ya dola kila siku. Baadhi ya mizigo ilipelekwa kwa ndege hadi Hispania, kusini mwa wingu, kisha ikapakiwa kwenye malori kuelekea kaskazini. Yaelekea wenye mashamba waliopata njia ile ya Hispania walikuwa na watu wa kuwapigia simu. Jambo hilo liwekwe akilini, kwa kuwa abiria aliyekwama hana tofauti nao.

Baada ya 2010 Ulaya ilibadilisha utaratibu. Zamani hata chembe chache zilitosha kufunga anga. Sasa hupimwa ni miligramu ngapi zimo katika mita moja ya ujazo ya hewa. Mei 2011 mlima mwingine wa Iceland, Grímsvötn, ulitoa majivu mengi zaidi, lakini safari zilizofutwa zilikuwa 900 hivi. Kwa hiyo wiki nzima ya anga kufungwa huenda isirudi kirahisi. Kinachobaki ni siku moja au mbili za vurugu, na siku moja inatosha kabisa kumharibia mtu safari aliyoiwekea akiba mwaka mzima.

Hapo ndipo sheria inapohusika. Kanuni ya Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004, ambayo Uingereza iliibakiza katika sheria zake baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, inayahesabu majivu kuwa dharura iliyo nje ya uwezo wa shirika. Fidia ya fedha kwa usumbufu haipo. Lakini shirika lina wajibu wa kumrudishia abiria nauli au kumtafutia njia nyingine ya kufika, na anayesubiri njia hiyo apewe chakula, malazi na usafiri wa kwenda hotelini. Ryanair ilipobishana na abiria aliyekwama Faro, Ureno, mwaka 2010, akidai gharama za karibu euro 1,130, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua tarehe 31 Januari 2013 kwamba wajibu wa kumtunza abiria hauna kikomo cha siku wala cha fedha, mradi gharama ziwe za lazima na za kiasi. Risiti zitunzwe. Na anayechagua kurudishiwa nauli ajue kwamba haki ya hoteli na chakula inaishia hapo.

Kanuni hiyo ina mipaka ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Anayeondoka London analindwa hata akipanda shirika la Afrika au la Ghuba. Anayeondoka Nairobi au Dar es Salaam kuja huku analindwa akiwa na shirika la Uingereza au la Umoja wa Ulaya. Akiwa na Kenya Airways au shirika la Ghuba, kanuni hii haimhusu. Safari ya kwenda ina ulinzi, ya kurudi huenda haina.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, wanajumuiya hujinunulia wenyewe. Ni desturi sasa kutafuta nauli nafuu kwa kuunga tiketi: moja ya London hadi Istanbul, nyingine, ya shirika jingine, ya Istanbul hadi Dar es Salaam. Siku ya kawaida msafiri huokoa fedha. Siku ya majivu, shirika la kwanza litamrudishia nauli yake ya Istanbul, na la pili litamwandika kuwa hakufika. Nauli ya kipande cha pili imekwenda. Bima nayo haisaidii sana ikinunuliwa wingu likiwa tayari limetangazwa.

Kamati za misiba zinalijua hili kuliko mtu yeyote. Mchango hukusanywa kwa siku chache, mwili wa marehemu huwekewa nafasi katika ndege, na wafiwa hununuliwa tiketi zozote zinazopatikana, mara nyingi za vipande, huku kaburi limeshachimbwa kijijini. Ndege ikifutwa, mwili hukaa sehemu moja na wafiwa nyingine.

Mapendekezo ya jarida hili kwa uongozi ni matatu. Kwanza, kamati ya misiba iwe na kanuni ya tiketi moja kwa safari nzima, kwa shirika moja au washirika wake, hata ikizidi bei kidogo. Pili, haki za abiria zilizoelezwa hapa ziandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kabla ya msimu wa Desemba. Tatu, iandaliwe orodha ya wenyeji waliokubali kupokea wageni karibu na Heathrow, Gatwick na Manchester, na katibu awaandikie viongozi wa jumuiya za Waswahili walioko Amsterdam, Istanbul, Dubai na Doha wafanye hivyo kwao.

Pendekezo la kwanza litapata upinzani, kwa sababu linagusa mfuko. Mweka hazina aombwe kuleta kwenye mkutano mkuu ujao hesabu za safari za misiba za miaka miwili iliyopita, ionekane nauli za vipande ziliokoa kiasi gani na tiketi ngapi zilipotea, kisha wanachama wapige kura.