Bunduki isisafishwe kando ya vibanda vya wakimbizi

Mtu akipita asubuhi kandokando ya kambi za wakimbizi wa ndani huku Kivu ya Kaskazini, wilayani Lubero ao Beni, si vigumu akutane na picha hii: kijana mwenye silaha amekaa juu ya bidoni ya njano, bunduki imefunguliwa juu ya magoti, kitambaa mkononi, kopo la mafuta pembeni. Anajitayarisha. Kesho komanda atawapeleka kupiga shabaha. Hatua chache kutoka hapo mama anakoroga bukari, na watoto wamezunguka kumuangalia yule kijana kama vile wanavyomuangalia fundi wa pikipiki.

Kupaka bunduki mafuta kabla ya kwenda kwenye shabaha si kosa. Ni kazi ya askari. Bunduki kavu inakwama, mvua ya milima ya Lubero inaitia kutu, na silaha yenye kukwama inaweza kumuua yule mwenye kuishika. Hakuna mkaaji anayeomba askari atembee na silaha chafu. Shida ni fasi kazi hiyo inapofanyiwa, na namna inavyofanywa. Kwa sababu ya mambo hayo mawili raia anaweza kupoteza maisha akiwa amekaa mlangoni kwake, na kisha wakubwa wanakuja kueleza kwamba "risasi imeponyoka".

Neno hilo "imeponyoka" lingepaswa kukataliwa na kila familia yenye msiba. Risasi si mbuzi aliyekata kamba. Inatoka kwa sababu kuna mtu aliyeiacha ndani. AK 47, ambayo ndiyo silaha iliyoenea sana huku vijijini, inabeba shajeri ya risasi 30. Shajeri hiyo inachomolewa kwa mkono mmoja, kazi ya sekunde mbili. Lakini kuchomoa shajeri hakuondoi ile risasi moja ambayo imekwisha kuingia kwenye mtutu. Wengi wanaona shajeri iko chini, wanasema bunduki ni tupu, na wanaanza kupangusa.

Kuna kosa lingine ambalo ni baya zaidi, maana anayelifanya anaamini kabisa kwamba amefanya vizuri. Anakoki bunduki kwanza, risasi moja inaruka nje, anaiokota, anafurahi. Ndipo anachomoa shajeri. Hajui kwamba pale alipoachilia mkono wa kukokia, bunduki ilichukua risasi nyingine kutoka kwenye shajeri na kuiweka tayari. Sasa anabonyeza kifyatulio "kuhakikisha". Mpango wa kweli ni kinyume cha huo: mtutu uelekee kwenye udongo ao kwenye ukingo wa mlima, shajeri itoke kwanza, ndipo kukoki, ndipo kuangalia ndani kwa macho na kugusa kwa kidole kama ni tupu. Baada ya hapo tu ndipo kitambaa na mafuta. Kufundisha jambo hilo kunachukua dakika tano. Komanda aliyekosa dakika tano za kulifundisha ndiye wa kuulizwa, si bahati mbaya.

Na mafuta yenyewe? Wenye kupata mafuta ya silaha ni wachache. Wengine wanapaka mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, yenye weusi na vumbi la chuma ndani yake, wengine mazuti, wengine mawese ya jikoni. Mawese! Kila mama wa Lubero anajua namna mawese yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya baridi. Ndani ya bunduki yanaganda vilevile, yanachanganyika na moshi wa baruti na vumbi, yanakuwa kama gundi. Katika AK 47 ile sindano inayogonga risasi haina springi ya kuirudisha nyuma, inatembea huru. Ikinaswa mbele na uchafu huo, bunduki inaweza kupiga wakati wa kukoki tu, kabla kidole hakijagusa kitu. Hapo pengine askari atasema kweli kwamba hakubonyeza. Lakini nani alimpa mawese?

Mtu wa mbali atauliza kwa nini wakimbizi waogope bunduki moja iliyofunguliwa. Risasi ya AK 47 inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde moja, mara mbili ya mwendo wa sauti. Aliye mita 300 kutoka pale anapigwa kabla hajasikia mlio. Ikiruka juu bila kizuizi inaweza kupita kilometa 2. Sasa kibanda cha mkimbizi kimejengwa na nini? Miti, majani na bashi. Bashi haizuii hata mvua ya upepo. Risasi iliyotoka kwa askari mmoja mzembe inaweza kupita kibanda cha kwanza, cha pili na cha tatu, na kambini vibanda vinagusana.

Wenye silaha wana majibu yao, na haifai kuyaficha. Jibu la kwanza: hatuna kambi. Ni kweli kwamba askari wengi wanalala katikati ya raia, wamekodi chumba ao wamejijengea kibanda na bibi zao na watoto wao, na vijana wa Wazalendo hali yao ni mbovu zaidi. Lakini kutokuwa na kambi hakumzuii mtu kutembea mita mia kadhaa hadi nyuma ya kilima. Pipa kuukuu lililojazwa mchanga, ao magunia matano ya udongo yaliyopangwa, vinatosha kuelekezea mtutu wakati wa kutoa risasi. Majeshi mengi duniani yanafanya hivyo kwenye mlango wa kila kituo. Udongo Kongo hauuzwi.

Jibu la pili linasemwa kwa sauti kubwa zaidi: sisi ndio tunawalinda, mnatuonea. Jibu hilo halina uzito. Mkimbizi ambaye alitembea kwa miguu kutoka Kanyabayonga mwezi wa sita mwaka 2024, godoro kichwani na mtoto mgongoni, anajua thamani ya kulindwa kuliko mtu yeyote. Anachoomba ni kwamba mlinzi asimuue kwa uvivu. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, ambao Umoja wa Afrika uliuandika kwa ajili ya watu kama yeye, unadai kwamba fasi wanapokaa wakimbizi wa ndani ibaki ya kiraia. Kambi ambamo silaha zinafunguliwa na kufungwa kati ya vyungu inageuka kuwa sehemu ya vita, na adui anaweza kuichukua hivyo.

Wala hakuna raia wa kutupiwa lawama hii. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Viongozi wa jimbo na wa wilaya ni watu wa jeshi na polisi. Anayetawala na anayesafisha bunduki wanavaa magwanda. Kuhusu Wazalendo, mwaka 2023 nchi ilipata sheria ya jeshi la akiba. Kama wanahesabiwa kuwa watu wa ulinzi wa taifa siku ya sifa, wahesabiwe pia siku mtoto anapopigwa, na aliye juu yao ajulikane kwa jina.

Halafu inakuja siku yenyewe ya shabaha. Saa mbili asubuhi milio inaanza, tatu, kumi, kisha mfululizo. Hakuna aliyeambiwa. Kwa mwenye kuzaliwa mjini ni kelele tu. Kwa familia iliyokimbia mara tatu, ni habari kwamba adui amefika. Chungu kinaachwa motoni, wanafunzi wanatokea madirishani, mama anashika mtoto ambaye si wake na wake anabaki nyuma. Mzee mwenye mguu mbovu anaachwa kibandani. Saa nzima baadaye watu wanarudi wakikuta bashi imechukuliwa, maharage yamechukuliwa, na kadi ya kupokelea msaada haionekani. Wezi hawaogopi shabaha, wao wanaingojea. Jioni ndipo tangazo linafika redioni: wakaaji watulie, walikuwa askari wetu kwenye mazoezi.

Kwa nini tangazo hilo lisifike jana yake? Wanasema ni siri ya jeshi. Siri gani, wakati milio inasikika hadi kijiji cha pili na adui naye ana masikio? Si lazima kutaja idadi ya askari wala majina ya vikosi. Inatosha kusema: kesho, kutoka saa fulani hadi saa fulani, upande wa kilima fulani, kutakuwa mazoezi ya shabaha, watu wasipite kule kutafuta kuni. Ni dakika moja ya redio. Shefu wa kata aambiwe, rais wa kambi aambiwe, wakurugenzi wa masomo pia, na siku ya soko iachwe.

Baada ya mazoezi kuna jambo moja ambalo komanda mwenye akili halisahau: kuhesabu. Watoto wanaenda kule kuokota maganda ya risasi, wanayapiga filimbi, wanayauza kama chuma chakavu, na katikati ya maganda mtoto anaweza kuokota risasi nzima iliyoanguka wakati bunduki ilikwama. Nyingine inaishia kwenye moto wa kupikia. Wazazi wakiona kitu hicho mkononi mwa mtoto wasimpige wala wasikitupe chooni. Akiweke chini, watu wasogee mbali, na rais wa kambi aitwe ili awaite wenye kazi hiyo, waje wachukue walichoacha.