Maranda ya mbao ni mali, tusiyachome

Si ajabu kuona moshi ukifuka nje ya karakana za maseremala mjini Busia, upande wa Kenya na hata ule wa Uganda. Kinachochomwa ni maranda na vibanzi vya mbao. Hali ni hiyo hiyo Malaba na Tororo. Ajabu ni kwamba hatua chache kutoka hapo, mama mboga analia kuwa sukuma wiki yake imenyauka kwa jua la Januari, na mbolea ya dukani haishikiki kwa bei.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kukumbushwa jinsi riziki inavyoweza kukatika ghafla. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri. Machi 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, kisha ikalegeza msimamo siku chache baadaye. Na mwaka wa 2022, gunia la kilo 50 la mbolea lilipita Sh6,000 nchini Kenya kabla ya serikali kuleta ruzuku.

Wapo pia waliorejea makwao. Baadhi ya Wakenya waliotoroka ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walipokelewa katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Anayerudi baada ya miaka mingi ugenini mara nyingi hupata kipande kidogo cha ardhi iliyochoka, naye hana mtaji. Huyu hawezi kungoja ruzuku. Anahitaji mboga mezani mwezi ujao.

Maranda yanaweza kumfaa. Yakitandazwa juu ya udongo kwa unene wa vidole vinne hivi, huzuia jua kukausha ardhi, hupunguza magugu na kuvunja nguvu za matone ya mvua yanayochukua rutuba. Polepole huoza na kuulisha udongo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii ni akiba ambayo faida yake imo katika kuoza.

Hata hivyo, wengi wamejaribu wakakata tamaa kwa sababu waliyachanganya na udongo. Hilo ni kosa. Viini vinavyoozesha mbao huhitaji nitrojeni nyingi, navyo huinyang'anya mimea, majani yakageuka manjano. Maranda yabaki juu. Anayetaka kuyafukia ayalaze kwanza kwenye shimo la mboji pamoja na samadi, au na majani ya tithonia, ule mmea wa maua ya manjano uliojaa kwenye nyua za magharibi mwa Kenya. Majani hayo yana nitrojeni na potasiamu kwa wingi. Bora zaidi ni maranda yaliyotandikwa katika banda la kuku: kinyesi kimekwisha kuongeza kilichopungua. Nayo yawekwe kwenye mboji hadi yaive, yasimwagwe mabichi kwenye mboga.

Kuna watakaouliza: na mchwa je? Swali hilo ni la haki katika eneo letu. Maranda yasikaribie ukuta wala nguzo za nyumba, na yaachwe mbali kidogo na shina la mmea. Vumbi laini lisirundikwe peke yake kwani hugandamana na kuzuia maji kupenya. Maranda ya mkaratusi yakae kwanza miezi kadhaa. Na mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yasiguse bustani kabisa, maana dawa nyingine zina aseniki, ambayo ni sumu.

Serikali ya Kaunti ya Busia na wenzao wa Tororo na Busia ya Uganda wana maafisa wa kilimo. Wawatembelee maseremala, watenge mahali pa kukusanyia maranda safi, na kuwaonyesha wakazi matumizi yake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Msimu wa mvua haumngojei mtu. Anayepita karakana akielekea sokoni abebe gunia tupu, aombe kabla kiberiti hakijawashwa.