ALIYELIPIA KIPYA APEWE KIPYA

Kununua na kuuza ni mapatano ya kale kuliko sheria zote zilizoandikwa. Mwenye mali huitaja mali yake, mnunuzi hutaja fedha yake, na kila mmoja huondoka na kile alichoahidiwa. Mnunuzi akitoa noti bandia hukamatwa na kushitakiwa. Lakini muuzaji akitoa kitu ambacho sicho kilichoahidiwa, mara nyingi mnunuzi huambiwa ashukuru kwa kuwa angalau amepata kitu. Hapo ndipo dhuluma inapoanza.

Yafaa kuchukua mfano wa mwalimu aliyejinyima miezi kadhaa hata akapata fedha za kununulia simu mpya ya mkononi. Hakutaka mtumba, ingawa mtumba ulikuwepo na bei yake ilikuwa ndogo. Alilipa bei ya simu mpya, akapewa stakabadhi pamoja na dhamana ya mwaka mmoja. Mwezi wa nne simu ikaanza kuzimika yenyewe. Akairudisha dukani, akasubiri majuma matatu, kisha akakabidhiwa nyingine inayong'aa ndani ya boksi jeupe. Akatia sahihi, akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia kwamba simu ile ilikwisha kutumiwa na mtu asiyemjua, ikaharibika, ikafunguliwa kiwandani, ikabadilishwa baadhi ya viungo na kufungwa upya. Je, mwalimu huyo amelipwa haki yake, au amelipwa nusu ya haki yake?

Swali hilo si la mwalimu wa Tanzania peke yake. Limekwisha kufikishwa mbele ya mahakimu katika nchi zenye viwanda vikubwa na sheria za siku nyingi, na majibu yaliyopatikana huko yana mafunzo kwa kila mwananchi anayeishi kwa mshahara.

Shauri la Denmark

Mwaka 2011 raia mmoja wa Denmark alinunua simu aina ya iPhone 4. Simu ikawa na kasoro, na kampuni ya Apple ikampa nyingine badala yake. Baadaye raia huyo akatambua kwamba aliyopewa haikuwa mpya, bali ni iliyokarabatiwa. Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwenye baraza linaloshughulikia malalamiko ya walaji, nalo likampa haki. Kampuni haikukubali uamuzi huo, na mwaka 2014 ikalipeleka shauri mahakamani. Yaani kampuni ambayo mapato yake ya mwaka yanazidi bajeti za mataifa mengi ilimburuta mteja mmoja mahakamani kwa ajili ya simu moja. Desemba 2016 mahakama ya Glostrup, karibu na jiji la Copenhagen, iliamua kwamba mtu aliyenunua simu mpya halazimiki kuridhika na iliyokarabatiwa. Anastahili mpya.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini kampuni kubwa kiasi hicho ihangaike miaka mitano kwa ajili ya simu moja. Ukweli ni kwamba haikuwa simu moja hata kidogo. Haki ikithibitishwa kwa mteja mmoja, itadaiwa na maelfu. Simu mbovu inayorudishwa kiwandani hukarabatiwa kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya kuunda mpya. Ikitolewa kwa mteja mwingine kama kibadala, kiwanda kimejiokolea tofauti ya gharama hizo mbili. Kasoro ilikuwa ya kiwanda, lakini sehemu ya hasara yake imehamishiwa kimyakimya mfukoni mwa mnunuzi.

Wenye viwanda wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Wanaeleza kwamba simu inayorudishwa haifutwi vumbi tu na kutiwa kwenye boksi. Hupangwa kulingana na ubovu wake, habari za mwenyewe wa kwanza hufutwa, betri na ganda la nje hubadilishwa, viungo vilivyobaki hupimwa, na programu huwekwa upya. Masharti ya dhamana ya Apple yenyewe yaliwahi kusema kwamba kibadala kitakuwa kipya au kitalingana na kipya kwa utendaji na kwa kutegemeka. Hivyo, husema, mteja hapunjiki.

Hoja hiyo ina chembe ya kweli, lakini wanaoitoa ndio wanaoivunja kwa matendo yao. Kampuni hiyo hiyo inauza simu zilizokarabatiwa katika maduka yake ya mtandao, ikizitangaza waziwazi kuwa zimekarabatiwa, na inaziuza kwa bei pungufu. Ikiwa kweli zinalingana na mpya, bei imepungua kwa sababu gani? Na ikiwa hazilingani, kwa nini apewe mtu aliyekwisha kulipa bei kamili? Bidhaa haiwezi kuwa duni inapouzwa na kuwa sawa inapolipwa kama fidia. Huo ni mzani wenye mawe mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia.

Mahali pengine nako kampuni zimelazimika kurudi nyuma. Mwaka 2016 wateja wa Marekani waliishitaki Apple katika jimbo la California, wakidai kwamba vibadala vilivyokarabatiwa havikulingana na vipya kama walivyoahidiwa. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 95 ili shauri liishe, bila kukiri kosa. Nchini Australia, mwaka 2018, mahakama ilitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja kwamba wamepoteza haki zao kwa sababu simu zao ziliwahi kutengenezwa na mafundi wengine. Katika shauri hilo kampuni iliahidi kwamba mteja anayestahili kibadala atapewa kipya endapo atakiomba.

Ukarabati si dhambi

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuyatumia mashauri hayo kuulaani ukarabati wenyewe. Kizazi kilicholelewa na redio ya mbao kinamkumbuka fundi wa mtaani aliyeifanya iseme tena mwaka hadi mwaka. Kutengeneza kilichoharibika ni busara ya watu wasiopenda kufuja mali. Dunia ya leo inaihitaji busara hiyo kuliko wakati wowote. Taarifa za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tena ndani ya kila simu mna jasho la Mwafrika. Sehemu kubwa ya kobalti inayotiwa katika betri hutoka Kongo, ambako wachimbaji wadogo huingia mashimoni kwa sururu na mikono mitupu. Kuitupa simu inayoweza kutengenezeka ni kulitupa jasho hilo.

Kwa hiyo ugomvi hauko kati ya kipya na kilichokarabatiwa. Uko kati ya ukweli na maficho. Walimu wenyewe wanao mfano mzuri. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu wavitumie katika kufundishia. Kila mtu alijua vimetoka wapi na vimefanya kazi gani. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni vipya, wala hakuna aliyelipishwa bei ya vipya. Hapo kifaa kilichotumika kilipata kazi ya pili bila mtu kudanganywa.

Umoja wa Ulaya umeufuata msingi huo huo. Mwaka 2024 umoja huo ulipitisha agizo la kuhimiza ukarabati wa bidhaa, na ndani yake umeruhusu muuzaji kutoa kibadala kilichokarabatiwa, lakini pale tu mteja mwenyewe anapokiomba waziwazi. Sharti hilo moja linamaliza ubishi wote. Anayetaka kupunguza taka za dunia na achague iliyokarabatiwa kwa hiari yake, na anayetaka alicholipia na apewe alicholipia. Uamuzi ni wa mwenye fedha.

Sheria ipo, mwamko haupo

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyorithiwa tangu enzi za Waingereza, inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuzwa na iwe na ubora unaofaa kwa biashara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kudai kwa uongo kwamba bidhaa ni mpya. Ipo Tume ya Ushindani, ipo Mamlaka ya Mawasiliano, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Juni 2016 nchi ilithubutu hata kuzizima simu bandia zilizokuwa mikononi mwa wananchi, hatua iliyowauma wengi lakini iliyosafisha soko.

Kinachokosekana ni mwamko. Katika maduka mengi bado stakabadhi huchapishwa maneno yasemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na mnunuzi akayasoma kana kwamba ni amri ya Serikali. Si amri ya Serikali. Ni maneno ya mwenye duka, na maneno ya mwenye duka hayawezi kuifuta sheria ya nchi. Mtumishi wa umma anayejua kanuni zote za likizo na posho anapokabidhiwa simu ya pili badala ya ile mbovu, hutia sahihi bila kuuliza neno.

Maswali ya kuuliza si mengi wala hayahitaji wakili. La kwanza, je, simu hii ni mpya au imekarabatiwa? Jibu liandikwe kwenye karatasi, si kusemwa kwa mdomo. La pili, dhamana yake ni ya muda gani? Baadhi ya kampuni hutoa kibadala kwa siku 90 tu au kwa muda uliosalia katika dhamana ya kwanza, kutegemea upi ni mrefu zaidi. La tatu, namba yake ya utambulisho ni ipi? Kila simu ina namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, nayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Simu ikibadilishwa, namba hubadilika. Karatasi za dhamana zikibaki na namba ya zamani, siku ya kudai haki, au siku ya kutoa taarifa polisi kwamba simu imeibwa, mwananchi hana ushahidi kwamba ile ni mali yake.

Kwa wenye iPhone ipo alama nyingine. Katika sehemu ya mipangilio, namba ya modeli inayoanza na herufi M ni ya simu iliyouzwa ikiwa mpya, inayoanza na F ni ya iliyokarabatiwa, na inayoanza na N ni ya iliyotolewa kama kibadala.

Vyombo vilivyokabidhiwa kazi ya kumlinda mlaji navyo haviwezi kungoja malalamiko yaletwe mezani. Yafaa vitoe agizo lililo wazi kwamba kila kibadala kilichokarabatiwa kiandikwe hivyo kwenye boksi na kwenye stakabadhi, kwa Kiswahili kinachosomeka, na kwamba mteja aliyenunua kipya asipewe hicho bila ridhaa yake ya maandishi. Agizo la namna hiyo halimgharimu mfanyabiashara mwaminifu hata senti moja. Litamsumbua yule tu ambaye faida yake inatokana na ukimya.

Maofisa wanaonunua vifaa kwa niaba ya ofisi za umma nao wakumbuke kwamba fedha wanazotumia ni za wavuja jasho. Simu na kompyuta zinazorudishwa kwa ubovu zisipokewe tena kwa kutia sahihi tu. Namba zikaguliwe, na hali ya kifaa iandikwe kwenye daftari la mali. Na mwalimu anayefundisha uraia darasani anaweza kuwafundisha wanafunzi wake kusoma stakabadhi kama anavyowafundisha kusoma ramani, kwa maana yote mawili humzuia mtu asipotezwe njia.

Yule raia wa Denmark hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa mnunuzi mmoja aliyekataa kuambiwa kwamba kilichotumika ni kipya. Alisubiri miaka mitano, na mwisho kampuni kubwa ikaambiwa na mahakama imlipe kile alicholipia. Mwananchi wa Tanzania hadai upendeleo kuliko huo. Anadai mzani mmoja, wenye jiwe moja, siku ya kununua na siku ya kulipwa fidia.