Michezo ya ndani siku za masika
Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huhamishia kipindi cha michezo darasani au kwenye bwalo la chakula, na humo hatari ya kwanza ni sakafu. Saruji iliyosuguliwa ikang'aa, ikishakanyagwa na viatu vyenye matope, huteleza kama sabuni. Hupigwa deki na kuachwa ikauke kabisa kabla ya filimbi ya kwanza. Soksi bila viatu ni mbaya zaidi. Afadhali raba zenye soli kavu, au miguu mitupu ikiwa hakuna misumari iliyochomoka kwenye madawati.

Madawati yenyewe hutolewa nje, si kupandanishwa pembeni ambako mtoto mmoja akiegemea yanaporomoka. Ukuta nao usiwe kamwe mwisho wa mbio. Anayekuja kwa kasi hujikinga kwa viganja, na kifundo cha mkono ndicho huvunjika. Mstari wa chaki huchorwa hatua kadhaa kabla ya ukuta. Penye madirisha ya vioo, mpira wa matambara unatosha.

Godoro jembamba la bweni halifai kwa kupinduka kichwangomba: huteleza juu ya saruji, shingo ikabaki bila kinga.

Aliyegonga kichwa harudishwi mchezoni siku hiyo, hata akisisitiza kwamba ni mzima (na watoto husisitiza sana). Akitapika, akisinzia kupita kawaida au akianza kusema ovyo, apelekwe hospitali mara moja.