Saa za Kungoja Nazo ni Kazi



Tukisikia habari za mafuta ya Bakken, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, twafikiri mitambo na fedha. Ni nani amkumbukaye dereva wa maji? Mwamba wa huko hautoi mafuta mpaka upasuliwe kwa maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali. Na kisima kikiisha kufunguliwa, hurudisha maji ya chumvi pamoja na mafuta. Sehemu ya maji hayo hubebwa na malori, kila moja likichukua kiasi cha lita 20,000, katika njia za udongo na theluji.

Siku ya dereva ni kungoja zamu, kufunga mipira, kujaza, kusafiri, kumwaga, na kuanza tena. Sheria yamruhusu kuendesha saa 11, ndipo apumzike saa 10. Lakini akilipwa kwa idadi ya safari, saa za kungoja hazimpi kitu. Hushawishika kuzifidia kwa mwendo wa kasi na kwa kujinyima usingizi. Nchini humo, ajali za barabarani zimekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya wafanyakazi wa visima vya mafuta.

Wengine husema, “Alikubali mwenyewe.” Mwenye watoto wa kulisha hukubali mengi. Saa ya kungoja ni saa ya kazi: ilipwe. Nanyi mtakaoajiri au kuajiriwa kesho, ulizeni kabla ya kutia sahihi: uchovu huu utalipwa na nani?